Nilivyoionea Wivu Ngozi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na ngozi isiyokuwa na habari na mtu. Aliweza kulala juu ya ngozi ya ng'ombe ambayo haijalainika, akaamka laini. Aliweza kushinda shambani akifukuza ndege kwenye mtama, akaoga kwa maji yoyote aliyoyakuta, akajifuta kwa nguo aliyoivua, na jioni ukimwona ungedhani kuna mtu amekaa siku nzima akimpaka samli. Mimi nilimtangulia kuzaliwa, tukanyonya titi moja, lakini ngozi nzuri ilimsubiri yeye.

Yangu ilikuwa na matatizo tangu utotoni. Ilikuwa inaamka kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Kwanza inawasha. Nikiikuna inakuwa nyekundu na kutoa majimaji, kisha inakauka na kuwa ngumu, halafu inapasuka. Ikilala, inalala wiki kadhaa mpaka nasahau, kisha asubuhi moja naikuta imerudi. Nyumbani tuliita upele tu, na majirani walidhani unaambukiza. Wasichana wenzangu hawakupenda kushika mpini wa jembe nililotoka kulishika. Jina la ukurutu nililisikia nikiwa mkubwa, hospitali ya misheni, na siku hiyo hiyo nikaambiwa kwamba haumwambukizi mtu yeyote. Nilitamani yule aliyeniambia angezunguka kijiji kizima akilisema hilo kwa sauti.

Watu wa rika langu wakisimulia mambo ya enzi za Mwingereza hujifanya walikuwa na mioyo myeupe. Wangu haukuwa mweupe. Nilimwonea mdogo wangu gere kuanzia asubuhi hadi jioni, na kama kungekuwa na namna ya kubadilishana naye ngozi tukiwa kisimani, ningebadilishana naye na kumwachia ndoo aibebe yeye pia.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kila kitu kizuri kilichoingia nyumbani kwetu, ngozi yake ilikipokea na yangu ilikikataa.

Kwanza lilikuja blanketi. Mjomba, kaka yake mama, alirudi kutoka vitani na blanketi la jeshi la sufu, la rangi ya majivu, zito. Sisi wa huku juu kwenye miinuko ya Iramba tunaijua baridi ya kiangazi, ule upepo mkavu unaoanza uwele ukishavunwa na kupenya mpaka ndani ya tembe. Mama alisema blanketi ni la mgonjwa, akanipa mimi. Mdogo wangu alilia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutaka kitu changu, nami niliishika ile furaha kwa mikono yote miwili. Nikajifunika blanketi lile mpaka kidevuni. Sufu ikanichoma shingo na mikono kama imejaa miiba midogo, joto lake likanitoa jasho, jasho likaongeza kuwasha. Nilikuwa naamka na damu kwenye kucha. Mama akiniuliza kama blanketi ni zuri, najibu ni zuri sana. Sikulitoa. Ningelitoa lingekwenda kwake.

Baadaye baba alikwenda Singida mjini kuuza ng'ombe, akapitia duka la Mhindi, akarudi na kipande cha sabuni ya kunukia kilichofungwa kwenye karatasi ya waridi. Sisi tulikuwa tunaoga kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, na yenyewe ilinikausha mpaka nikikunja mkono nasikia ngozi inavutika. Ile ya kunukia alipewa mdogo wangu kwa sababu alikuwa ametunza ndama bila kupoteza hata mmoja. Akioga, harufu yake inapita mlangoni kabla yake. Nilivumilia kadiri nilivyoweza, kisha nikamwomba na mimi nijaribu, akanipa bila kinyongo, maana hata moyo wake ulikuwa laini, na hilo nalo lilinikera. Nilijisugua shingo nzima kwa maji ya moto. Kesho yake shingo ilikuwa imevimba, na mama akasema labda nimepita chini ya mti wenye viwavi.

Nasema haya ili ieleweke kwamba wakati ule hakuna mtu nyumbani aliyeunganisha sababu na matokeo. Kila upele ulipoamka, tulitafuta mdudu, au kijicho cha jirani, au chakula cha jana. Kumbe ulikuwa unatoka kwenye vitu tulivyovihesabu kuwa vya kubembeleza. Mama alinipenda. Alinipenda kwa sufu na kwa maji ya moto.

Kisha wakaja watu wa kijiji cha pili, upande wa Kinampanda. Walikuwa na mtoto wa kiume aliyemaliza darasa la nne, nao walikuwa wenye ng'ombe na mashamba makubwa ya uwele, wakatuma mtu kwa baba kuuliza habari za binti mkubwa. Binti mkubwa ni mimi. Nilikuwa nimemwona yule kijana mnadani, anatembea taratibu na kucheka kwa haya, nikampenda siku hiyo hiyo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho mdogo wangu hakuwa nacho. Nilipokuwa natwanga, nilikuwa napiga mchi kwa nguvu ili anisikie nilivyo na furaha.

Mambo hayakwisha kwa mtu wa kutumwa. Kwetu mama wa kijana alikuwa anataka kumwona msichana akifanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kupura. Uwele ulipurwa kwa ujima. Watu walikusanyika kwenye mwamba mpana nyuma ya nyumba, wanaume na wanawake, wakapiga masuke kwa fimbo huku wakiimba, na pembeni wasichana wakapepeta kwa ungo. Pombe ya mtama ilikuwa tayari kwa jioni. Yule mama angekuja kama jirani wa kawaida aliyekuja kusaidia, na sote tungejifanya hatujui amefuata nini.

Nilikuwa najua kwamba makapi ya uwele hayanipendi. Mtu yeyote aliyewahi kupura uwele anajua yale manyoya yake yanavyowasha hata kwenye ngozi nzima. Miaka mingine mama alikuwa akinibakiza jikoni siku za kupura. Mwaka ule isingewezekana. Msichana anayekaa jikoni wakati wenzake wanapura huonekana mvivu au mgonjwa, na yupi kati ya hao anaolewa?

Basi mama akapanga ulinzi wake. Asubuhi ile alinikalisha kwenye kigoda akanipaka mafuta ya mbarika kuanzia shingoni mpaka vidoleni, mengi, akayarudia mara ya pili kwenye viwiko. Alisema mafuta yatazuia makapi yasifike kwenye ngozi, na tena nitang'aa mbele ya wageni. Sisi tulikuwa tunapaka mafuta kwa kila jambo jema: harusi, ngoma, kumpokea mgeni. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mafuta yanaweza kuharibu siku. Mdogo wangu alijipaka kidogo tu usoni, akafunga kitambaa, akatoka mbio.

Nilipepeta nikiwa nimesimama upande ambao upepo unatokea, kama mtu mwenye akili, lakini upepo wa kiangazi unageuka unapotaka. Makapi yalinijia yote. Kwa wenzangu yaligusa na kuanguka. Kwangu yalinasa kwenye mafuta na kukaa. Kabla jua halijafika katikati nilikuwa nimevaa makapi kama shati la pili, jasho linateremka chini yake, na kila mkunjo wa mwili unawaka. Sikujikuna. Niliuma meno nikaimba na wenzangu, nikapepeta, nikamwomba Mungu yule mama aje haraka au asije kabisa.

Alikuja. Nilikwenda, nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo mama, nikatoa mikono yote miwili kama nilivyofundishwa. Akaitika marahaba, akaishika mikono, kisha hakuiachia. Aliigeuza. Vifundo vilikuwa vimevimba, vyekundu, vinatoa majimaji, na makapi yamegandamana humo.

"Binti huyu ana nini?" akamwuliza mama yangu.

Mama akamwambia ni makapi tu, huwa yanapita. Yule mama akatikisa kichwa kwa heshima, akaniachia mikono, akajifuta yake kwenye kanga polepole ili isionekane anajifuta. Kisha akatazama juu ya bega langu. Sikuhitaji kugeuka. Nilijua nani yuko nyuma yangu na ungo, na kwamba jua limemmulika.

Yule mtu wa kutumwa aliporudi, aliulizia binti mdogo. Baba alikasirika kwa sababu mdogo hamruki mkubwa wake, na kwa majuma mawili matatu nyumba ilikuwa ya kunong'ona. Mwishoni wazee walikaa, wakazungumza, wakapatana. Mdogo wangu alikuja kuniambia mwenyewe, akilia, kwamba hakumwomba mtu yeyote. Nilijua hakuomba. Hakuwahi kuomba kitu, na ndiyo maana roho iliniuma kiasi kile.

Siku ya harusi nilijihadhari kwa kila nilichokifahamu. Sikugusa sabuni. Nililiacha blanketi. Makapi hayakuwepo, kwa sababu mvua zilikuwa zimeshaanza na ghala zimefungwa. Nilivaa nguo laini niliyoizoea. Na bado, walipomtoa mdogo wangu ndani amefunikwa, na wanawake wakapiga vigelegele, na nikamwona yule kijana anavyoinamisha kichwa kwa haya yake ile ile, nilisikia joto likipanda kutoka viwikoni mpaka shingoni. Kufika jioni nilikuwa mbaya kuliko siku ya kupura. Mama aliapa nimekula kitu. Sikuwa nimekula chochote tangu asubuhi.

Baada ya hapo mama alinipeleka hospitali ya misheni. Dresa, mhudumu wa dawa wa pale, aliniuliza maswali mengi, ninalala juu ya nini, ninaoga kwa sabuni gani, ninafanya kazi gani, na kwa kila jibu alinipa neno. Niweke nguo ya marekani, ile pamba nyeupe, kati ya mwili na blanketi, na ikiwezekana nisilale na sufu kabisa. Nioge kwa maji ya vuguvugu au baridi, upesi, kwa sabuni kidogo isiyonukia. Nikitoka kwenye maji nisijisugue, nijipangusepanguse, na mafuta nipake wakati huo huo ngozi ikiwa bado na unyevu, tena mafuta matupu yasiyotiwa manukato. Nisiende kwenye vumbi nikiwa nimepakwa. Nikitoka jasho nilioshe mapema. Kucha niziweke fupi. Akaniambia pia ukweli ambao sikuupenda, kwamba ugonjwa wenyewe huenda usiondoke, ila ninaweza kuuacha ulale.

Nikaishi hivyo. Nililima alfajiri jua likiwa bado pole. Wake wa kaka zangu walipura sehemu yangu, mimi nikawamenyea karanga na kuwalelea watoto. Wachumba wengine wawili walikuja, wa kuungaunga, wazee waliotaka mtu wa kuwapikia, nikawakataa nikabaki na mama. Viwiko vyangu vilikaa safi miezi kwa miezi. Mdogo wangu akija kutusalimu, mnene, anacheka, amefunga mtoto mgongoni, vinaanza.

Huyo mtoto ndiye aliyenirudishia kila kitu. Alikuwa wa kiume, wa pili kuzaliwa, na alipofikisha umri wa kukimbia huku na huko mdogo wangu alimleta kwetu mwanzoni mwa kiangazi, peke yake, bila wa kwanza. Alimweka chini mbele yangu akamvua shati.

"Dada," akasema, "ana ya kwako."

Ilikuwa ya kwangu kweli, viwiko, magoti, shingo, kama vile nimemzaa mimi. Akanieleza kwamba mama mkwe anasema alidanganywa, kwamba tulimpa ngozi nzuri juu na mbaya ndani. Yule mama aliyejifuta mikono kwenye kanga sasa alikuwa anamfunika mjukuu wake blanketi la sufu na kumwogesha kwa maji ya moto, na mtoto alikuwa anashinda kwenye mwamba wa kupuria. Mdogo wangu alikuwa amekonda. Macho yamemwingia ndani. Nilimtazama, na ndani yangu kuna kitu kilichokuwa kimesimama miaka yote, kikakaa chini na kupumzika. Nilimwambia amwache mtoto kwangu mpaka mvua.

Nilimkata kucha. Nilimshonea shati la marekani lenye mikono mirefu. Nilimwogesha nyuma ya nyumba kwa maji ya mtungini, kisha nikampaka mafuta ya ng'ombe akiwa bado amelowana, naye akicheka kwa sababu ninamtekenya. Watoto wenzake walipokwenda mwambani, nilimchukua tukaenda kutafuta kuni upande wa pili, tukakaa kivulini nikamtungia hadithi. Alipotaka kujikuna nilimpa jiwe la baridi alishike. Ngozi yake ilifunga taratibu, na kabla ya mwisho wa kiangazi ilikuwa laini kama ya mama yake. Nilikuwa napitisha kidole kwenye kiwiko chake kila siku baada ya kumwogesha. Kiwiko hicho nilikitengeneza mimi.

Alikuwa ananiita mama mkubwa, kama inavyopasa. Siku zilivyokwenda, neno la pili likadondoka. Mama yangu alilisikia akanitazama. Sikumsahihisha mtoto.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mdogo wangu alikuja kumchukua. Ilikuwa mchana, tupo uani, na mtoto alipomwona alijificha nyuma ya nguo yangu, akashika goti langu. Mdogo wangu alimwita kwa jina lake la kubembelezwa. Mtoto akasema anataka kubaki na mama, na mkono wake ukazidi kunishika mimi.

Mdogo wangu hakulia safari hii. Aliniangalia kwa jicho nililolifahamu vizuri sana, kwa sababu lilikuwa langu.

"Dada, mimi ndiye mama yake."

Nikamjibu kwamba aliniletea mtoto anayetoka damu, na sasa amtazame. Akasema hakunipa, aliniachia nimtunze mpaka mvua. Nikasema huko kwake watamwua kwa sufu. Akasema siku zote nilitaka kilicho chake, hata sabuni. Hilo la sabuni lilinipanda kichwani. Nikamwambia kwamba yule mwanamume alikuwa wangu, nyumba ile ilikuwa yangu, na mtoto huyu kwa haki angekuwa wangu. Nilikuwa sijawahi kulisema mbele ya mtu. Sauti zetu zilikuwa zimefika barabarani, na mama alikuwa ametoka mlangoni akituomba tunyamaze.

Kisha tukasikia sauti ya kukuna. Mtoto alikuwa ameniacha. Alikuwa amechutama katikati yetu, amepandisha mikono ya shati la marekani, anakuna viwiko vyote viwili kwa kucha zile nilizomkata fupi, haraka haraka, huku anamtazama mmoja wetu kisha mwingine. Hapakuwa na makapi. Hapakuwa na sufu. Hewa ilikuwa na unyevu wa mvua, nzuri kabisa. Na ngozi niliyoitengeneza kiangazi kizima ilikuwa inapanda wekundu mbele ya macho yangu.

Nilikaa chini kando yake.

"Hili sikukuambia," nikasema. "Ulipoolewa upele wangu uliamka hivi hivi, bila mimi kugusa kitu."

Mdogo wangu alikaa upande wa pili wa mtoto. Aliniuliza mafuta yako wapi, nikamwonyesha. Alimwogesha mwenyewe kwa maji ya mtungini, nami nikakaa na mikono yangu mapajani, nikimwelekeza kwa mdomo tu: usimsugue, pangusa, sasa paka, kabla hajakauka. Mikono yake ilikuwa laini kuliko yangu. Mtoto alitulia. Nilitaka asitulie haraka hivyo.

Nilimfungia shati la pili, kibuyu cha mafuta, na kipande cha marekani cha kuweka chini ya blanketi. Nilimwambia tena mdogo wangu yote, mafuta, maji, jasho, vumbi la kupuria, upepo wa kiangazi, na kwamba mkwe wake akigomba, amtoe mtoto nje kwanza. Akaniitikia kila neno kama tulivyokuwa wadogo. Akambeba mgongoni, wakaondoka kwa njia inayopita kando ya mwamba.

Walipofika kwenye kona mtoto aligeuza kichwa, akaita, "Mama."

Mdogo wangu alisimama. Hakugeuka. Alikuwa anasubiri kusikia nani ataitika, na mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka. Niliufunga. Akamwitikia yeye, abee mwanangu, wakaendelea, na mimi nikaingia ndani nikachota maji ya baridi nikajimwagia mikononi, kwa sababu viwiko vilikuwa vimeshaanza.